Bi Ozella Trammell na Vitabu 1,412 vya Mtaa wa Spruce

Alhamisi ya tarehe 30 Juni 1983, Bi Ozella Mae Trammell atastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Umma ya Tallis Ford, Georgia, kwa miaka arobaini na mmoja na mwezi mmoja. Tunaitaja idadi hiyo kamili kwa sababu tangazo la uongozi, lililobandikwa karibu na mashine ya kahawa, linasema miaka ishirini. Linasema pia kwamba anayestaafu ni "msaidizi wa kutengeneza vitabu." Yote mawili si kweli. Bi Ozella aliajiriwa tarehe 1 Juni 1942 akiwa mkutubi, mwenye cheti cha ukutubi kutoka chuo cha watu weusi cha Atlanta, na alipewa tawi aliongoze. Uongozi ulilifunga tawi hilo, kisha ukalisahau, na sasa unatutaka na sisi tulisahau.

Ndiyo maana tumeamua kumuaga leo Jumamosi, hapa kwenye ukumbi wa kanisa letu la Mount Hebron, wala hatukungoja ile hafla ya dakika ishirini iliyopangwa Alhamisi, yenye keki moja na sahani za karatasi. Kuku wa kukaanga wapo, mkate wa mahindi upo, pai za viazi vitamu hazihesabiki. Lakini kabla ya kula, someni hadi mwisho. Mwishoni kuna kazi.

Bi Ozella alizaliwa mwaka 1919, maili tisa kutoka hapa, kwenye shamba la pamba ambalo baba yake alililima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mwaka huo vijana wetu walikuwa wakirudi kutoka vita vya Ulaya, na wako waliovuliwa sare zao stesheni kwa kupigwa. Fukusi walipoimaliza pamba, na mabenki yalipofunga milango, familia ilihamia mjini, Mtaa wa Spruce. Mama yake akawa dobi. Ozella akawa mpelekaji wa nguo zilizopigwa pasi, kutoka mlango wa nyuma hadi mlango wa nyuma, na njia yake ilipita mbele ya ngazi kumi na mbili za Maktaba ya Umma. Hakuruhusiwa kukanyaga hata ya kwanza. Kodi ya wazazi wake ilipokelewa kwa mlango wa mbele kila mwaka, na hakuna karani aliyeikataa kwa sababu ya rangi.

Mwaka 1942 mji ulitoa vyumba viwili ubavuni mwa duka la kinyozi, Mtaa wa Spruce, ukaviita Tawi la Weusi. Vitabu havikununuliwa. Vililetwa vile vilivyochokwa na maktaba kubwa, ndani ya masanduku ya sabuni, vingine bila jalada, vingine bila mwanzo, vingi bila mwisho. Kila kimoja kiligongwa muhuri: KIMETUPWA. Wasomaji wetu wachanga walifungua kitabu na neno la kwanza walilokutana nalo lilikuwa hilo.

Kitu cha kwanza alichokifanya Bi Ozella ni kuufunika muhuri huo. Alipika gundi ya unga wa ngano kwenye jiko la makaa, akaitia matone ya mafuta ya karafuu ili mende wasiile, akabandika karatasi safi juu ya neno lile, kitabu baada ya kitabu. Kisha akashona kurasa zilizolegea na kukandamiza majalada kwa pasi za chuma za mama yake. Kila kitabu alikiandika kwenye rejista na kukipa namba. Wanaomfahamu wanajua harufu ya karafuu kwenye mikono yake. Haijawahi kutoka.

Kurasa zilizokosekana zilikuwa shida kubwa zaidi. Aliandika barua maktaba kubwa kuomba aazimwe nakala nzima kwa siku mbili tu, azinakili. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Prescott Lyle, alijibu kwa mstari mmoja kwamba vitabu vya maktaba kuu havitoki kwenda Mtaa wa Spruce. Basi Bi Ozella akatafuta kwingine. Alinakili kutoka kwa walimu, kutoka kwa wapishi wa majumbani walioruhusiwa kupangusa vumbi kwenye rafu za matajiri, na mara nyingine kutoka kwenye vichwa vya watu. Kurasa zote hizo zimeandikwa kwa mkono wake, kwa wino mweusi, na kushonwa mahali pake.

Hapo ndipo lilipotokea kosa maarufu la mbwa. Palikuwa na hadithi moja iliyopendwa sana na watoto, ya nahodha aliyekwama barafuni na mbwa wake. Kurasa kumi na mbili za mwisho hazikuwepo. Shemasi Tolliver, aliyefagia maktaba kubwa miaka mingi na kusoma vitabu vyake akiwa ameegemea ufagio, alisema anaujua mwisho. Akausimulia, Bi Ozella akaandika: mbwa alinusa njia, nahodha akamfuata, wote wawili wakafika nyumbani salama. Kwa miaka ishirini watoto walilala vizuri.

Mwaka 1963 Bi Ozella alifungua nakala nzima kwa mara ya kwanza. Akakuta kwamba nahodha alimla mbwa.

Alimwendea Shemasi hapa hapa kanisani, baada ya ibada.

"Shemasi, ulisoma kitabu gani wewe?"

"Kile kile, Dada Ozella."

"Mbwa ameliwa!"

"Alaa! Ameliwa?" Shemasi alishangaa kweli. "Mimi sikufika huko. Bwana Lyle aliniita nikasafishe choo. Nikaona, kwa kuwa sitaachiwa nimalize, basi nitamalizia mwenyewe."

Bi Ozella hakuzibadilisha kurasa zile. Hadi leo, mtu mzima wa Tallis Ford akibishana kwamba mbwa yule alifika nyumbani, mnajua amelelewa mtaa gani.

Katika miaka hiyo maisha yake mengine nayo yaliendelea. Mumewe, marehemu Clifton Trammell, aliendesha malori ya jeshi Ufaransa, akipeleka petroli mstari wa mbele. Aliporudi mwaka 1945 akiwa na sare na nishani mbili, hoteli ya stesheni ilimpa chakula chake kupitia dirisha la jikoni, huku mateka wa Kijerumani wakilishwa ndani, mezani, kwa uma na kisu. Bi Ozella alikuwa amesimama naye pale dirishani. Hajawahi kulisimulia jambo hilo kwa sauti ya juu, na hajawahi kula katika hoteli hiyo tangu ilipotufungulia mlango. Walimlea binti mmoja, Lorraine, ambaye sasa ni mwalimu Chicago.

Mwaka 1961 wanafunzi wanne wa sekondari yetu walipanda zile ngazi kumi na mbili, wakaomba kitabu, wakakamatwa. Bwana Lyle alimwita Bi Ozella mahakamani kama shahidi wa upande wake. Alitaka aseme kwamba kitabu hicho hicho kipo tawini, na kwamba vijana walikwenda kuchokoza tu. Kama angekataa kufika, angefukuzwa siku hiyo hiyo. Alifika, amevaa kofia yake ya Pasaka. Sisi tulikuwa juu, kwenye baraza tulilotengewa.

"Ozella," wakili wa mji alisema, bila Bi wala chochote, "kitabu walichokitaka kipo tawini kwako au hakipo?"

"Kipo, bwana."

"Umeona sasa! Kipo. Basi walifuata nini kule?"

"Walifika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, bwana. Zilizobaki ziko kwenu."

Kicheko kilichotoka barazani kilimfanya jaji atishie kututoa wote. Vijana walihukumiwa hata hivyo. Na Bwana Lyle hakulisahau jibu lile.

Miaka miwili baadaye mahakama ya serikali kuu iliamuru maktaba ifunguliwe kwa wote. Tulivaa vizuri tukaenda. Tulipoingia hatukukuta kiti hata kimoja. Viti vyote sitini na meza zake vilikuwa vimepelekwa stoo, ili mweupe na mweusi wasije wakakaa pamoja. Kwa miezi kumi na mmoja watu wazima wa mji huu walisoma wakiwa wima kama foleni ya posta. Bibi mmoja wa Kizungu, Bi Purdy, mwenye magoti mabovu, alikuja na kigoda chake cha kukamulia ng'ombe, akaketi katikati ya ukumbi, akawaambia wahudumu, "Haya, nikamateni." Hakukamatwa. Tunamkumbuka kwa heshima.

Watu wengi hudhani mwaka ule ulikuwa mwaka wa ushindi. Kwa Bi Ozella ulikuwa mwaka wa kunyang'anywa. Maktaba ikiwa moja, walisema, tawi halina kazi. Likafungwa wiki ile ile. Mkutubi mwenye cheti na uzoefu wa miaka ishirini na mmoja akateremshwa chumba cha chini, akapewa meza karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, na cheo cha msaidizi. Juu, kwenye dawati la wasomaji, wakamweka binti wa miaka kumi na tisa ambaye Bi Ozella ndiye aliyemfundisha kupanga kadi za orodha. Amewafundisha wanane wa namna hiyo. Watano wakawa wakuu wake.

Vitabu vya Spruce, 1,412, viliteremshwa naye. Vilipangwa nyuma ya mlango wenye kufuli, na havikuwekwa kwenye rafu za wasomaji hata siku moja. Alichofanikiwa Bi Ozella ni kimoja tu: aliviingiza vyote, namba kwa namba, kwenye rejista kuu ya maktaba. Bwana Lyle alisaini bila kusoma, kwa sababu hakuwa na desturi ya kusoma kilichoandikwa na mtu wa chini.

Mwaka 1967 barabara kuu ilipita. Ilikuwa na nchi nzima ya kupita, ikachagua Mtaa wa Spruce. Nyumba mia mbili na kumi ziliondoka, na kinyozi, na vile vyumba viwili, na nyumba niliyozaliwa mimi ninayeandika haya, namba 40, ambayo leo ni tuta la njia ya kutokea barabara hiyo. Tulitawanyika pande zote za mji, na wengine hawajapata pa kutua hadi leo. Ukitaka kushika kwa mkono kitu kilichotoka mtaa ule, kimebaki kimoja: vitabu vile, vyenye mwandiko wa Bi Ozella, na pembezoni majina ya watoto waliovisoma.

Nimefanya kazi naye chumba kimoja tangu mwaka uliofuata, mimi nikipokea vifurushi, yeye akishona. Ameponya vitabu elfu ishirini na zaidi vya maktaba hii. Ile Biblia kubwa inayoonyeshwa kwenye kabati la kioo mlangoni, ambayo wageni husimamishwa waitazame, ni kazi ya sindano yake. Kibao chini yake kimemtaja aliyeitoa zawadi. Hakikumtaja aliyeifufua.

Sasa nije kwenye jambo la mwezi huu. Mkurugenzi wetu wa leo, Bi Carolyn Haskew, hapigi kelele wala hatukani. Anatabasamu. Aliteremka wiki tatu zilizopita na daftari lake.

"Ozella mpenzi, nina habari nzuri! Tunaletewa kompyuta."

"Hongera, Bi Haskew."

"Inataka chumba kikubwa, kikavu. Kwa hiyo vitabu hivi vya zamani lori litavibeba Jumatatu ya tarehe 27."

"Lori linavipeleka wapi?"

"Kusagwa. Vitakuwa maboksi. Usihuzunike, mpenzi, nimetazama rekodi. Havijaazimwa hata mara moja kwa miaka ishirini. Watu hawavitaki."

"Watu hawajui viko hapa. Mlango una kufuli, na ufunguo uko mkobani mwako."

"Tena vimeandikwaandikwa ndani kwa kalamu."

"Kalamu hiyo ni yangu."

Bi Haskew alitazama daftari lake kidogo. "Basi chagua viwili uvipendavyo. Tutakufungia kwa utepe, viwe zawadi yako ya kumbukumbu."

Bi Ozella alivua miwani. "Mwezi wa nne mliniletea fomu, mkaniuliza nataka zawadi gani ya kustaafu. Niliandika mstari mmoja: vitabu vya Spruce vipandishwe juu, kwa wasomaji. Utepe sikuuandika."

Alikata rufaa kwa bodi, kwa barua ya ukurasa mmoja. Bodi ilimjibu kwamba imeshukuru kwa huduma yake ya miaka ishirini na kwamba kanuni ni kanuni.

Kanuni! Hapo waligusa pabaya. Mwaka 1966, Bwana Lyle alipotaka kitabu kipya cha kanuni za maktaba, kazi ya kuzipiga chapa zote thelathini na moja alimtupia Bi Ozella, kwa kuwa karani wake alikuwa likizo. Anazijua kama sisi tunavyozijua zaburi. Barua ya bodi ilipofika, aliisoma, akaikunja, akanigeukia.

"Lucius, una kadi ya maktaba?"

"Ninayo, Bi Ozella."

"Umeazima vingapi sasa hivi?"

"Hata kimoja."

"Basi una nafasi ya vitabu sita."

Kanuni ya kumi na saba inasema kitabu kinaweza kuondolewa kama hakijaazimwa kwa miaka mitano mfululizo. Kikiazimwa hata mara moja, hakiguswi, na kikirudishwa sharti kiwekwe kwenye rafu za wazi. Kanuni ya nne inasema msomaji yeyote mwenye kadi anaweza kukiomba kwa namba kitabu chochote kilichomo kwenye rejista, popote kilipo, na mhudumu atakileta. Kila kadi vitabu sita. Watu hawa walitufungia mlango kwa miaka ishirini, kisha wakatumia kufuli yao wenyewe kama ushahidi kwamba hatusomi. Bi Ozella ameamua kuwajibu kwa karatasi yao.

Nilimuuliza kama haogopi. Bado ana siku zake nne za kazi.

"Watanifanya nini?" alisema. "Watanistaafisha?"

Ndani ya programu uliyoshika kuna fomu ya kuombea kitabu. Itazame. Ameijaza mwenyewe, mezani jikoni kwake, baada ya chai ya asubuhi, siku kumi mfululizo: namba sita, kwa wino mweusi. Zipo fomu mia mbili na thelathini na sita, na viti vya ukumbi huu vimejaa. Ya mwisho ina namba mbili tu. Hiyo ni yangu, nami nimeshaipeleka. Asiye na kadi atapewa papo hapo kwenye dawati la mbele akionyesha barua yenye anwani yake. Msigombane na wahudumu. Ni vijana, na wanafuata kanuni kama sisi. Toeni fomu, subirini, pokeeni, semeni asante. Lifti ndogo ya vitabu hubeba thelathini kwa safari moja. Kufuli ya chini imefunguliwa leo kwa ajili ya kupima chumba cha kompyuta, nami nitakuwa pale chini nikipakia.

Someni vitabu hivyo wiki zenu tatu. Virudisheni vikiwa safi. Vikirudi, vitapanda rafu ya juu, kwenye mwanga, mahali ambapo mwenye navyo aliomba viwekwe.

Bi Ozella, tumekushukuru mara nyingi kwa maneno, na maneno yetu hayakuwahi kukurudishia cheo chako. Leo tunakushukuru kwa miguu. Ulitupa mwisho wa kila hadithi tuliyonyimwa, na pale mwisho huo ulipokosekana ulitutafutia mwingine. Nenda kapumzike, mkutubi wetu. Uamke unapotaka, uongee na Lorraine kwa simu hadi sikio lichoke, uote jua barazani kwako bila mtu wa kukuita kwa jina tupu. Mwili wako uwe na nguvu, na macho yako yaendelee kuona herufi ndogo.

Wengine wote: shikeni fomu zenu. Chakula kitafunikwa, kitatungoja. Maktaba iko mitaa miwili kutoka hapa, na Jumamosi hufungwa saa kumi na moja.